Kanzu nyeupe, buibui jeusi: mwongozo kwa anayejifunza kamera Mombasa

Harusi ya kwanza niliyopewa kupiga picha upande wa wanawake, hapa Mji wa Kale, ilikwenda vizuri mpaka bwana harusi alipoingia ndani. Wanawake wote walivuta mabuibui yao haraka haraka, ukumbi ukawa mweusi ti, na katikati ya weusi ule akasimama kijana mmoja wa kanzu nyeupe iliyodariziwa kifuani kwa mkono. Nilipiga picha arubaini na kitu. Usiku nilipozifungua kwenye laptopu, kifua kizima kilikuwa cheupe pe. Hakuna darizi, hakuna mshono, hakuna hata mkunjo. Mama yake, ambaye ndiye aliyeidarizi kanzu ile, alizitazama moja moja, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kazi yangu iko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Kamera ilikuwa nzuri na lenzi ilikuwa nzuri, ila nilikuwa nimeiachia kamera iamue mwanga peke yake. Leo mwanafunzi akinijia na kamera mpya shingoni, somo la kwanza ninalompa ni lile nililolikosa siku ile.

Hatua ya kwanza: kamba ya nguo

Ndani ya kamera kuna kipimo cha mwanga. Kipimo hicho hakijui kanzu ni nyeupe wala buibui ni jeusi. Kimetengenezwa kikichukulia kwamba ukikoroga pamoja kila kilichomo kwenye fremu utapata kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na kanzu inatoka na rangi ya jivu. Kikiona weusi mwingi kinadhani kuna giza, kinaongeza mwanga, na buibui linatoka limepauka kama limefuliwa miaka kumi. Katika harusi ile, mabuibui yalijaza fremu, kamera ikaongeza mwanga, na aliyeungua, yaani aliyepotea kwenye weupe, ni bwana harusi.

Usiyachukue haya kwa maneno tu. Fanya hivi nyumbani. Tundika kanzu moja na buibui moja kwenye kamba, uani au kwenye roshani, mahali penye kivuli, kama saa nne asubuhi. Geuza kigurudumu cha herufi juu ya kamera mpaka kwenye A (kwenye Canon ni Av): hapo wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua muda. Weka f/5.6 na ISO 200 (maana yake iko hatua ya pili). Sogea mpaka kanzu ijaze fremu yote, kusiwe na ukuta wala mbingu, upige. Fanya vivyo hivyo na buibui. Sasa zitazame picha hizo mbili moja baada ya nyingine kwenye kioo cha kamera. Utaona nguo mbili za kijivu zilizokaribiana rangi, kana kwamba zimekatwa kwenye jora moja. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi kwenye kamba akaishika kanzu kwa mkono kuhakikisha.

Ukishayaona hayo kwa macho yako, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hicho ndicho unachotumia kuiambia kamera ukweli. Kwa kanzu peleka +1, yaani ngazi moja ya mwanga, piga, ongeza theluthi ya ngazi, piga tena, mpaka ufike +2. Kwa buibui shuka −1, halafu theluthi kwa theluthi mpaka −2. Mahali fulani njiani utapata picha ambayo kanzu ni nyeupe na mshono wake bado unahesabika, na nyingine ambayo buibui ni jeusi na mikunjo yake bado ipo. Ziandike namba hizo kwenye daftari, maana kila kamera ina tabia yake, na namba zangu si lazima ziwe zako.

Halafu zitundike nguo zote mbili ubavu kwa ubavu, uzipige kwa picha moja. Hapa huwezi kuzifurahisha zote, na kanuni ni moja: ilinde kanzu. Sehemu iliyoungua haina kitu ndani yake, hata uitafute vipi baadaye. Sehemu yenye giza mara nyingi ina kitu, na unaweza kuinua ukihariri. Ingia kwenye menyu uwashe onyo la kuungua, lile linalofanya sehemu zilizopotea zimemete kwenye kioo. Kanzu ikimemeta, shuka.

Siku hizi nikisikia vigelegele vya bwana harusi mlangoni, kamera yangu imeshawekwa M kitambo, yaani kila kitu ninakipanga mwenyewe. Taa za ukumbi hazibadiliki, kwa hiyo ninapima mapema kwenye kitambaa cheupe cha meza, ninapiga picha mbili tatu za kujaribu, na sibadilishi kitu tena. Mara nyingi ninaangukia karibu na f/2.8, 1/160 na ISO 3200. Mabuibui yakijaa au yasijae, namba ni zile zile.

Hatua ya pili: tundu, shata na ISO

Haya yameelezwa kila mahali, kwa hiyo nitapita upesi. Tundu la lenzi lina ngazi zake: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila ngazi unayopanda inapunguza mwanga nusu, na sehemu kubwa zaidi ya picha inakuwa kali mbele na nyuma. Shata ni muda: 1/125 inaingiza mwanga maradufu ya 1/250. ISO ni kiasi cha kuukuza mwanga uliokwisha ingia, na ukizidisha unapata chenga chenga. Ukipanda ngazi moja huku, shuka moja kule, na mwangaza wa picha unabaki pale pale. Ni mizani ya muuza viungo: ukitia jiwe upande mmoja, lazima utie upande wa pili.

Kwa kupima bila kamera, shika kanuni hii ya zamani: jua likiwa kali na mbingu safi, weka f/16, na shata iwe moja kwa ISO. ISO 100, shata 1/100 au 1/125. Kwenye mchanga mweupe wa Nyali mwanga unarudi kutoka chini pia, kwa hiyo shuka ngazi moja zaidi. Nenda na lenzi moja tu mwezi mzima. Ya milimita 50 ni bei nafuu na inatosha. Ukiishika mkononi usiteremke chini ya 1/60, na kama kihisio cha kamera yako (kile kinachonasa picha ndani) ni kidogo, 1/80, la sivyo picha zitatikisika.

Zoezi la shata ninalolipenda liko Digo Road. Simama penye nafasi ya kutosha, weka S (au Tv), ambapo wewe unachagua shata na kamera inachagua tundu, na 1/30, usubiri tuktuk. Ifuate kwa kamera kabla hujapiga, piga huku ukiendelea kuifuata, na usisimame baada ya kupiga. Geuka kiunoni, miguu imetulia. Ishirini za kwanza zitakuwa takataka. Ya ishirini na moja tuktuk itakuwa kali na barabara nzima nyuma yake imekuwa mistari.

Hatua ya tatu: saa za mwanga wa hapa kwetu

Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua linachomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, tofauti haifiki hata saa moja, na linapanda wima. Mwanga laini wa asubuhi, ambao wapiga picha wa Ulaya wanaupata kwa muda mrefu, hapa unakwisha upesi. Saa mbili u nusu imeshakuwa kali. Jioni, jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga unaofaa, basi. Kwa hiyo fika ukiwa umeshapachagua mahali pako jana yake.

Kwa kujifunza mwanga wa pembeni, nenda Fort Jesus asubuhi, kwenye ukuta ambao jua linaupiga kutoka pembeni. Kuta zile za matumbawe zilizojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 zimejaa vishimo na mikwaruzo, na kila kishimo kinatoa kivuli chake jua likiwa limelala. Rudi adhuhuri upige ukuta ule ule kutoka mahali pale pale. Utaona ukuta mwingine kabisa. Ziweke picha hizo mbili pamoja, hazihitaji maelezo.

Hiyo haina maana kwamba adhuhuri ulale. Ingia vichochoroni, Ndia Kuu na njia zinazoungana nayo. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na jua linapiga juu ya ukuta wa upande mmoja tu. Ukuta ule uliopakwa chokaa unaurudisha mwanga upande wa pili, chini, mahali watu wanapoketi barazani. Ule ni mwanga mzuri kuliko taa yoyote ya studio niliyowahi kukodi. Mweke mtu kivulini, uso wake ukielekea ukuta unaong'aa, mlango uliochongwa nyuma yake, f/4. Hakikisha tu jua halimgusi hata kidogo, kwa sababu alama moja ya jua begani itakuvuruga.

Ukienda Biashara Street kupiga kanga, chunga nyekundu. Nyekundu ya kanga inaungua kabla ya rangi nyingine, na grafu ya kawaida ya mwangaza kwenye kioo cha kamera (histogramu) inaweza kukuonyesha kwamba kila kitu kiko salama. Fungua grafu yenye rangi tatu. Nyekundu ikigonga ukingo wa kulia wa grafu, shuka theluthi mbili za ngazi.

Hatua ya nne: hodi

Watu husema macho hayana pazia. Kamera inalo, kile kifuniko cha lenzi, na kazi yako ni kujua wakati wa kukiacha mahali pake. Mji wa Kale ni nyumba za watu. Wenyeji wamechoka kupigwa picha na wapita njia kama vile wao ni sehemu ya ukuta.

Kamera ikae chini, ubavuni. Salimu kwanza, na usalimu hasa.

"Assalaam alaykum, babu."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Watafuta nani?"

"Natafuta mwanga, babu. Najifunza picha. Ukiniruhusu nikupige hapo ulipoketi, na mlango wako."

Wengine watakataa. Mshukuru aliyekataa, uendelee na njia. Akikubali, usipige moja ukakimbia. Mwonyeshe picha, muulize kama ameipenda, na wiki ijayo mletee nakala iliyochapishwa. Barazani kwa mzee mmoja nimekaribishwa kahawa kwa sababu ya picha moja ya inchi 4 kwa 6. Wanawake usiwapige bila ruhusa ya wazi, na watoto usiwapige bila mzazi. Hiyo ni adabu, na ni sheria pia: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake, na ya mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Kivukoni Likoni na bandarini usitoe kamera kabla ya kuuliza askari.

Neno moja kuhusu chombo chenyewe. Unyevu wa pwani unaotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishika kioo haitoki kwa kufuta. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vile vinavyokuja na viatu vipya. Ukitoka ukumbi wenye eisii kwenda nje, iache ndani ya mfuko uliofungwa kama nusu saa, ama lenzi itatoka jasho. Ufukweni usibadilishe lenzi. Ukirudi, futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Hatua ya tano: kuhariri kwa mpangilio

Piga faili ghafi, zile zilizoandikwa RAW kwenye menyu. Faili ya JPEG, ile ambayo kamera imeshaihariri na kuibana, ina ngazi 256 za kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana buibui lililozama gizani linaweza kuinuliwa kwenye faili ghafi, na kwenye JPEG linatoka na madoa. Kama huna pesa za Lightroom, programu ya kuhariri, darktable ni ya bure na inafanya kazi hii vizuri. Kwenye simu, Snapseed inatosha kwa kujifunzia.

Kabla ya kugusa chochote, nakili picha mahali pawili. Halafu chagua. Kati ya mia tatu baki na thelathini, na usione huruma. Mwanafunzi anayehariri mia tatu anachoka kwenye hamsini, na zilizobaki anazipitisha tu.

Anza na rangi ya mwanga. Kivuli cha kichochoro chini ya mbingu ya buluu kina ubuluu, na taa ya balbu ina umanjano. Watu hufundishwa wabonyeze kidude cha kuchagua weupe juu ya kitu cheupe, na kanzu iko pale pale, kwa hiyo wanaibonyeza. Nami nilifanya hivyo miaka miwili. Lakini kanzu nyingi ni za rangi ya maziwa, na zile nyeupe hasa zimesuuzwa kwa buluu ili zing'ae. Ukiibonyeza kanzu iliyotiwa buluu, uso wa mtu unakuwa wa manjano kama mgonjwa. Nunua kadi ya kijivu, mpe mtu aishike katika picha moja tu ya kwanza, na ubonyeze hiyo.

Baada ya rangi, mwangaza wa jumla. Baadaye shusha sehemu zinazong'aa mpaka darizi ionekane, na inua vivuli kidogo, kidogo tu, maana buibui lina haki ya kuwa jeusi. Kisha kata pembeni, nyoosha upeo wa bahari kama upo, na mwisho kabisa noa ukali. Ukinoa kabla ya kumaliza mengine utakuwa unanoa chenga chenga.

Hatua ya sita: uso wa mtu

Hapa ninaomba unisikilize kuliko mahali pengine pote.

Ukipima mwanga kwa nukta, yaani kamera isome sehemu ndogo tu, kwenye uso wa mtu mweusi sana, kamera inafanya lile lile ililolifanya kwa buibui: inamng'arisha mpaka awe kijivu cha kati. Shuka theluthi mbili au ngazi nzima. Na ukimweka mbele ya ukuta mweupe kwa kipimo cha fremu nzima, inafanya kinyume, uso unazama na macho yanapotea. Panda. Huyu ni mtu mmoja, ngozi moja, na kamera imemkosea mara mbili kwa sababu haimwoni, inaona wastani. Hata enzi ya filamu ilikuwa hivyo: maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, na ngozi zetu zikatoka vyovyote zilivyotoka.

Sasa kamera tumeishinda, halafu tunakaa kwenye laptopu tukirudisha kosa lile lile kwa mikono yetu. Nimeona picha za maharusi ambamo bibi harusi amepaushwa uso mpaka shingo na mikono ni ya mtu mwingine. Hina aliyopakwa kwa saa nyingi imefifia kwa sababu mkono umeng'arishwa nayo ikaenda. Vinyweleo vya ngozi vimefutwa, uso umekuwa kama sahani. Mteja akiniomba "nipe mwangaza kidogo", ninamwongezea mwanga wa picha nzima, nami ninamwonyesha mbili kando kando: yake na ile iliyopaushwa. Karibu kila mara anachagua yake.

Unaloruhusiwa, kwa maoni yangu, ni kufuta kile ambacho hakitakuwapo wiki ijayo: chunusi, uzi uliokwama, jasho la ukumbini. Kovu, alama ya kuzaliwa, mikunjo ya bibi, acha. Kipimo changu cha kuhariri ngozi ni mkono: uso na mkono wa mtu yule yule, kwenye mwanga ule ule, lazima viwe vya mtu mmoja.

Hatua ya saba: kukabidhi

Kwa kuchapisha inchi 4 kwa 6 unahitaji pikseli 1200 kwa 1800, na inchi 8 kwa 10 ni 2400 kwa 3000, ukitumia nukta 300 kwa inchi. Rangi iwe sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi, unaouchagua unapohifadhi picha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili la kawaida, si kama picha, la sivyo itabanwa na kazi yako yote ya darizi ipotee tena.

Na kama ni picha za upande wa wanawake, kuna kazi moja ya mwisho ambayo hakuna programu itakayokufanyia. Wale wamevua mabuibui mbele ya kamera yako kwa kukuamini wewe. Zima kupakia kwa moja kwa moja mtandaoni kabla hujaunganisha kamera na chochote. Usihariri mkahawani. Usiweke hata moja kwenye ukurasa wako wa kazi, hata iliyokatwa, hata ya mgongo, bila mwenyewe kukubali. Mimi hupeleka flashi kwa mkono, nyumbani, kwa mama wa bibi harusi. Tunazipitia pamoja, yeye na shangazi zake, chai ikiwa mezani. Akisema zimetimia, ninatoa kadi ya kamera mfukoni, ninaitia kwenye kamera, ninampa yeye abonyeze kitufe cha kufuta, nami ninasubiri pale mpaka kioo kiandike kwamba hakuna picha.